Mkono wa Kwanza katika Kilemba cha Mudhihiri

Aliyeutawala mji wa Kalamzari siku zile alikuwa Sultani Ghiyathi bin Rukni, mfalme mwenye ndevu nyeupe na subira iliyopita kiasi, na mji wake ulikuwa wa mawe mekundu katikati ya jangwa, hauna mto wala mvua ya kutegemewa, na uhai wake wote, wa watu na wa wanyama, ulitoka katika kisima kimoja. Na ndani ya kisima hicho palikaa jini aitwaye Barkuku, ambaye waasisi wa mji walimfunga kwa ahadi ayatoe maji na asiondoke nayo, na kila baada ya miaka arubaini ahadi hiyo hufanywa upya mbele ya Sultani na wasemaji wa mitaa miwili. Siku hiyo jini hutoka nje, na mtu mmoja huruhusiwa kumwuliza swali moja, naye hana budi kujibu kweli. Na watu wa Kalamzari walivyo na adabu, miaka nenda miaka rudi swali hilo waliliacha kwa Sultani, na Sultani humwuliza jini kama hajambo, na jini hujibu kuwa hajambo, na wote wakaenda zao kula pilau. Hebu fikiria!

Sasa katika ahadi ile palikuwa na sharti kwamba kisima kilale siku nzima ya Ijumaa, asiteke mtu hata kata moja. Watu wa Mtaa wa Juu, wafumaji wa nguo, waliishika Ijumaa hiyo kama mboni ya jicho, wakateka Alhamisi maji ya siku mbili na kuridhika. Watu wa Mtaa wa Chini walikuwa watia rangi, na nguo iliyolala katika pipa la nili bila kusuuzwa huharibika, wakawa kila Jumamosi wanatupa kazi ya wiki, na hatimaye wakaapa kwamba ahadi itakapofanywa upya, hawatatia mkono wao ikiwa Ijumaa imo. Na watu wa Mtaa wa Juu wakaapa kwamba ikitolewa, jini atakuwa huru na maji ataondoka nayo. Sultani alipoulizwa yeye asemaje, alisema atapiga muhuri neno lolote ambalo wasemaji wawili watamletea kwa pamoja, akarudi ndani.

Msemaji wa Mtaa wa Juu alikuwa Mudhihiri bin Ramli, mtu wa maneno matamu na uso wa bashasha. Na msemaji katika mji ule hakuwekwa kwa barua wala kwa ngoma, bali kwa kilemba: wazee arubaini wa mtaa walisimama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akakizungusha kitambaa mara moja kichwani mwake. Wakimchoka, huja tena na kila mmoja huufungua mzunguko wake, kuanzia wa nje kwenda ndani, na ukibaki hata mmoja, bado yeye ni msemaji na neno lake linasimama mbele ya Sultani na mbele ya jini. Ukiondoka wa mwisho, ni mtu wa sokoni kama wewe na mimi.

Mkono wa kwanza, yaani mzunguko wa ndani kabisa unaogusa ngozi, ulikuwa wa Shali mfumaji, mdogo wao kwa umri. Yeye ndiye aliyempendekeza Mudhihiri na ndiye aliyemgombea nyumba kwa nyumba, na sababu yake ilikuwa moja. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alishikwa na homa kali siku ya Ijumaa, akayamaliza maji yote ya mtungini kabla ya adhuhuri, na baada ya hapo akawa anaomba maji kwa mkono tu kwa sababu sauti ilikwisha. Majirani nao walikuwa na vikombe viwili vitatu, wakavitoa, vikaisha. Baba yake Shali aliketi mlangoni, kisima anakiona, ndoo iko miguuni pake, na hakuinuka. Mama alikufa jua lilipokuwa linakuchwa. Tangu siku hiyo Shali hakumlaumu baba yake hata mara moja, maana aliamini kwamba siku ile mji wote ulinywa uhai wa mama yake, na Mudhihiri aliposimama uwanjani na kusema kwamba hatatoa hata saa moja ya Ijumaa, Shali alilia mbele za watu wala hakuona haya.

Zikabaki siku mbili ahadi ifanywe upya. Asubuhi ya Jumatatu Shali alikuwa kwenye mtande wake, na ndege mweupe mwenye mdomo wa shaba akaingia dirishani, akatua juu ya mti wa kufumia, akafungua mdomo na kusema kwa sauti ya Mudhihiri, sauti yenyewe hasa, na kikohozi chake kidogo kile: "Nikupe nusu, Mwinyi Kutubu. Kisima kilale alfajiri mpaka sala ya Ijumaa iishe, kisha kifunguliwe. Na nyinyi mtaiapia asubuhi hiyo, nyinyi na watoto wenu." Kisha ndege akabadili sauti akawa Mwinyi Kutubu, msemaji wa Mtaa wa Chini, akasema: "Na watu wako?" Na kwa sauti ya Mudhihiri akajibu: "Watu wangu niachie mimi. Wataambiwa siku yenyewe." Halafu ikasikika milio ya vidole vikigusa sinia, na mtu akisifu nyama.

Shali akaacha kufuma. Na kilichomuuma zaidi, wallahi, ni lile sinia, maana tangu mji kujengwa hajaonekana mtu wa Juu akila sinia moja na mtu wa Chini.

Akaenda moja kwa moja hata nyumbani kwa Mudhihiri, akamkuta barazani, akamwuliza kama ni kweli. Mudhihiri alitaka kuzungusha maneno, akaanza habari ya hekima na habari ya nyakati, Shali akamkata akamwuliza tena, na Mudhihiri akainamisha kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Pasipo neno la pamoja keshokutwa hakuna ahadi, na pasipo ahadi hakuna maji. Ningefanyaje, ndugu yangu?"

"Ungetuambia."

"Ningewaambia mngenivua kilemba."

"Basi ulijua," Shali akasema, akaondoka bila kuaga.

Naye hakunyamaza. Alikwenda kwa wale wazee thelathini na tisa akawahadithia, na ndege akamfuata begani akawasikilizisha sauti zile, na kufikia Jumanne jioni hapakuwa na nyumba katika Mtaa wa Juu isiyomtaja Mudhihiri kwa jina la msaliti. Vijana waliokuwa wakimbusu mkono wakawa wanatema mate akipita. Mkewe alirudi kutoka kisimani na mtungi mtupu, kwa kuwa wanawake wenziwe walimtoa kwenye foleni.

Jumatano baada ya alasiri watu wote walikusanyika kisimani. Sultani aliketi chini ya mwavuli wake, na Mwinyi Kutubu alisimama kulia na Mudhihiri kushoto, rangi imemtoka. Maji yakachemka bila moto, na Barkuku akatoka, kimo cha minara miwili, mwili wa moshi na viganja vya shaba, akaketi juu ya ukingo wa kisima akawatazama watu. Na yule ndege mweupe akaruka kutoka begani mwa Shali, akaenda kutua kwenye kidole cha jini. Watu hawakulitilia maanani hilo. Shali alilitilia.

Basi kabla Sultani hajafungua kinywa, mzee wa arubaini akajitokeza, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba mtu huyu hawasemei tena, akaufungua mzunguko wake. Akaja wa thelathini na tisa, na wa thelathini na nane, kimya kimya, na kitambaa kikawa kinarundikana miguuni pa Mudhihiri, naye amesimama wima machozi yanamtiririka na hayafuti. Ikafika ishirini, kumi, watano. Ukaondoka mzunguko wa pili. Kikabaki kitambaa cha mzunguko mmoja tu, chembamba, paji la uso likionekana chini yake limejaa jasho. Watu wakaanza kuita jina la Shali.

Shali akasogea, akaishika ncha yake. Alimpenda mtu yule, na alimchukia kwa ajili ya mapenzi hayo hayo. Na hapo jini akainama, uso wake ukawa karibu kama uso wa mtu anayekunong'oneza, akamwambia: "Vuta, Shali. Vuta, umlipie mama yako."

Shali akasita. Akajiuliza, huyu jini ana haja gani nami? Amenitumia ndege, amenifikishia maneno, na sasa ananihimiza. Akageuka, mkono ungali kwenye kitambaa, akasema kwa sauti iliyosikika na Sultani: "Barkuku, nina swali."

Watu walipiga kelele. Waziri akasimama akasema swali ni la Sultani, tangu enzi na enzi ni la Sultani, na mfumaji ashike adabu yake. Lakini Sultani Ghiyathi aliinua kidole kimoja, na pengine hilo ndilo jambo kubwa alilolifanya katika utawala wake wote, akasema mwacheni aulize.

Shali akauliza: "Ijumaa ile mama yangu alipokuwa anakufa, lau baba yangu angaliteka kata moja ya maji, ungalifanya nini?"

Jini akakunja viganja vyake vya shaba, akatazama pembeni, akawa kama mtu aliyebanwa. Lakini hana budi kujibu kweli.

"Ningalikuwa huru saa ile ile," alisema, "na mji wenu ungalikuwa mifupa. Wala si kwa sababu ya Ijumaa. Mimi Ijumaa sikuiomba. Waasisi wenu nao walikuwa mitaa miwili, na waligombana kama nyinyi, wakapatana kunipumzisha siku moja. Kinachonifunga ni yale mapatano yao. Mtu mmoja angaliyavunja peke yake, mnyororo ungalikatika. Na wakipatana tena, kwa nusu au kwa robo, mnyororo ni ule ule."

Shali alihisi kitu kifuani kinalegea na kinauma pamoja. Mama yake hakufa bure. Alifia neno walilopatana watu, na baba yake alilishika neno hilo akiwa na ndoo miguuni, na sasa yeye alikuwa na ncha ya neno jingine kati ya vidole vyake.

Hakuivuta. Aliizungusha akaichomeka vizuri nyuma ya sikio la Mudhihiri, akamwambia: "Sikuachii hiki kwa kuwa umefanya vyema. Ulitudanganya uwanjani na tulikuamini. Haya, sema neno lako."

Mudhihiri akasema neno lake, na Mwinyi Kutubu akasema lile lile, na Sultani akapiga muhuri, na Barkuku akatoa ukelele uliowaziba watu masikio, akazama kisimani pamoja na ndege wake kwa miaka arubaini mingine.

Usidhani watu walishangilia. Wengi waliondoka wamenuna, na wengine walimpita Shali bila salamu mwaka mzima. Mudhihiri alipovishwa kilemba upya walikuja wazee kumi na saba tu, kikawa kilemba kidogo cha kuchekesha, naye akakivaa hivyo hivyo mpaka alipokufa. Sultani alimpa Shali nyumba ya ghorofa na shamba la tende, akamfanya mlinzi wa kisima.

Na Shali mwenyewe aliendelea kuishika Ijumaa nzima nyumbani kwake, hakunywa maji mapya mpaka Jumamosi, ila kila Ijumaa sala ikiisha alikuwa wa kwanza kuteka, akabeba ndoo nyumba kwa nyumba kuwapelekea wagonjwa, wa Juu na wa Chini. Ni katika nyumba moja ya Chini alimomwona Ruzuna binti Kutubu akimuuguza shangazi yake, na mambo mengine mnayajua wenyewe. Kwenye walima wa ndoa yao mitaa miwili ilikula sinia moja, ingawa nusu ya wageni wa Juu walijifanya wameshiba.

Na mkwewe, Mwinyi Kutubu, alipomwuliza siku ile kama sasa anamwamini Mudhihiri, Shali alimtazama yule mzee na kilemba chake kidogo upande wa pili wa sinia.

"Namwamini," alisema. "Lakini akija kula kwako, nami nakuja."

Basi enyi mnaosema kwa niaba ya watu, kapataneni na mnaowachukia, hakuna aliyewakataza. Ila waliowavisha vilemba msiwafiche.