Kimbunga Aliyefundishwa Adabu ya Kula

Nitoe hadithi?
— Itoe!
Ina uchungu.
— Tutaimeza!

Palikuwa na Bi Kaa, mdogo kama kifuniko cha chupa, mwenye watoto saba shimoni, pale mchangani. Siku moja akamwona Kimbunga baharini. Alikuwa mchanga bado, lakini mlafi! Amesimama wima, miguu majini, mdomo mawinguni, anafyonza mvuke wa bahari yenye joto. Akifyonza, anavimba. Akivimba, anafyonza. Vuuu! Vuuu!

Bi Kaa akakimbilia kwa majirani, kwaru kwaru kwaru.

"Jamani, pandeni kilimani! Akishiba huyu, tumekwisha!"

Nyati akapanda. Ngiri akapanda. Wote wakapanda. Hakuna aliyembebea Bi Kaa hata mtoto mmoja.

Basi akaingia majini mwenyewe.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Nipishe, nakula."

"Ndiyo nashangaa. Mkubwa mzima unakula wima, kama mwizi jikoni?"

Kimbunga akaona haya. "Kwani wakubwa wanakulaje?"

"Wanajiegemeza, bwana. Kichwa kwenye mto. Ule upepo wa juu, si mto ule?"

Kimbunga akajiegemeza. Upepo wa juu ukakivuta kichwa huku, miguu ikabaki majini kule. Mvuke ukapanda, mdomo haupo. Ubavu ukawa wazi, hewa kavu ikaingia.

"Mbona sishibi?"

"Egemea zaidi, bwana. Mstaarabu hana pupa."

Akaegemea. Akaegemea. Puu! Yakabaki manyunyu, ti, ti, ti.

Bi Kaa akalia kwa furaha. Watoto wake wamepona! Akageuka kwenda kwao, akaona majirani wanateremka, wamefura kwa hasira.

"Kimbunga yuko wapi? Manyunyu haya ndiyo ya kutukimbizia?"

"Jamani, nimemdanganya mimi, ndiyo maana—"

"Mwongo mkubwa wewe!"

Nyati akapita juu ya shimo lake. Ngiri akapita. Wote wakapita. Di! Di! Di!

Bi Kaa akafukua, akafukua, mpaka makucha yakamtoka damu. Hakutoka mtoto hata mmoja.

Funzo lake, wanangu, ni hili: msile wima, si adabu. Na mkiwatendea wema majirani, msiwe na wasiwasi, hawasahau kamwe.

Hadithi yangu nimeitoa. Mmeimeza?
— Imetukwama kooni!