Marahaba za Mzee Shekalaghe

Barabara ya sokoni ilipotengenezwa upya, waenda kwa miguu na wenye baiskeli walipewa njia yao pembeni. Mzee Shekalaghe, mwenye duka la kanga, akaegesha gari lake kubwa juu ya njia hiyo. Watoto wa shule wakarudi kupita kando ya malori.

Sikudhani, muuza uji, akamwendea.

"Shikamoo mzee. Gari likae tu, ila turuhusu tupite barazani kwako."

"Marahaba. Piteni, lakini baraza langu si uchochoro. Kila mtu anisalimie."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja. Na mimi nitaitikia, sikulelewa vibaya."

"Hilo tunalijua, mzee wetu."

Kesho yake walipita watoto mia nne. Kila shikamoo ilipata marahaba yake. Wakafuata wenye baiskeli wakizikokota, kisha wauza samaki. Mchana, wote wakarudi kwa njia hiyo hiyo. Mteja aliyeuliza bei ya kanga alijibiwa, "Marahaba."

Siku ya tatu gari lilikuwa nyuma ya duka, na njia ilikuwa wazi. Sikudhani akampelekea mzee chai ya tangawizi.

"Shikamoo mzee."

Mzee, sauti imemkauka, akaitikia kwa kichwa, akapokea kikombe kwa mikono miwili.