Nani Alilifundisha Darasa la Udongo?

Hapo zamani, na si zamani ya mababu bali ile ya juzi, mwaka tuliofunika midomo na kuogopa mikono ya wenzetu, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima huko Taita. Jina la chuo sitalitaja. Waliohusika bado wapo na masikio wanayo. Nawahadithia nilivyohadithiwa, nanyi msiharakishe kumwamini yeyote humu ndani, hata yule atakayewaliza.

Katika chuo hicho alikuwapo mhadhiri, Daktari Mwashigadi, aliyefundisha somo la udongo kwa miaka thelathini. Alikuwa mkavu wa maneno. Wanafunzi aliwaita kwa majina ya baba zao, na ukimwandikia swali Jumatatu, jibu ulilipata Alhamisi, sentensi moja. Lakini mpe udongo mkononi, uone! Aliunusa, akausokota, mara nyingine akauonja kwa ncha ya ulimi, akakwambia ulikotoka na kitakachoota juu yake.

Alikuwapo mhudumu wa maabara, Ngeti, aliyeishia kidato cha nne. Kwa miaka ishirini na miwili Ngeti aliosha chupa, akachekecha udongo, akasimama nyuma ya darasa akingoja kuitwa. Na nyumbani kwa Daktari alikuwapo mkewe, Bi. Mkamburi, karani wa posta aliyestaafu.

Basi ugonjwa ukaja. Chuo kikafungwa ndani ya siku mbili. Wanafunzi wakafunga mabegi, huyu akaenda Ganze, huyu Wundanyi, huyu Garissa, na amri ikatoka: kila mhadhiri arekodi masomo yake kumi na matano, wanafunzi wayafuate kwenye simu.

Daktari alikasirika. "Udongo kwenye simu?" alimwambia Ngeti. "Wataunusa kwa kidole gani?"

Lakini alirekodi. Ngeti alishika simu, Daktari akasema. Somo la kwanza, la pili, la tatu. Aliwaambia wanafunzi wachimbe uani kwao, kila mtu alipo, wauloweshe udongo na kuusokota mbele ya kamera. Walipofika somo la tisa, Daktari alikuwa anakohoa. Siku kumi na moja baadaye akafariki hospitalini. Akazikwa upesi nyumbani kwake, watu kumi na tano tu kaburini, wamesimama mbalimbali kama wasiojuana.

Bi. Mkamburi alimpigia simu Naibu Mkuu wa Chuo, Profesa Mbela. "Profesa, watangazie wanafunzi wake."

"Pole sana, Mama," alisema Profesa. "Lakini fikiria. Hawa ni wa mwaka wa mwisho. Darasa lisilo na mhadhiri linafutwa, na waliomo watarudia mwaka. Ngoja kidogo. Nitajua la kufanya."

Bi. Mkamburi akangoja. Wiki ikapita, Profesa kimya. Ila simu ya marehemu haikunyamaza. Ilikuwa mezani sebuleni, na kila ilipolia, jumbe zilikuwa za wanafunzi. Mmoja aliandika: "Daktari, naacha chuo. Nimepata kazi ya kuchimba mawe. Asante kwa yote."

Mama huyu alikuwa amekaa posta miaka ishirini na minane. Barua haikuwahi kulala mezani kwake. Akaichukua simu, akaandika: "Usiache. Nitumie picha ya udongo wa kwenu." Hakuweka jina. Jina la mumewe lilikuwa hapo juu tayari.

Kijana akatuma picha. Sasa Bi. Mkamburi angesema nini kuhusu udongo? Akamwita Ngeti. Ngeti akaja na barakoa yake, akakaa kizingitini, akaitazama picha. "Huu ni udongo wa mfinyanzi," alisema. "Mwambie aukaushe siku tatu, apime nyufa." Mama akaandika. Na ndivyo walivyoanza.

Masomo tisa ya sauti yalipokwisha, Ngeti alitunga mengine sita kutokana na yale aliyoyasikia akiwa amesimama nyuma ya darasa. Alisema, Mama akaandika, wakatuma kwa jina la Daktari: "Sauti yangu imeharibika. Haya mtayasoma."

Sasa, kiongozi wa darasa hilo alikuwa msichana wa Ganze, Dhahabu Mwaringa. Dhahabu alikuwa mtu wa kutazama jambo mara mbili. Aliona kwamba Daktari, aliyejibu baada ya siku tatu, sasa anajibu kabla chai haijapoa. Dhahabu akashuku, akanyamaza.

Aliona kwamba Daktari, aliyemwita "Mwaringa" kwa miaka mitatu, sasa anamwita "mwanangu", na siku moja akamuuliza kama amekula. Dhahabu akashuku, akanyamaza.

Aliona kwamba somo la kumi na moja lilikipinga kitabu chao cha somo. Kitabu kilisema pima udongo kwa mashine, somo likasema: "Ukiwa huna mashine, usimwogope mwenye mashine. Kidole gumba kinatosha." Daktari alikuwa mwandishi mmojawapo wa kitabu kile! Dhahabu akashuku, na safari hii akatega mtego.

"Daktari," aliandika, "ule udongo mweusi tuliouchimba Voi mwaka jana, uliuitaje?"

Hawakuwahi kuchimba Voi.

Jibu likaja: "Naukumbuka vizuri, mwanangu. Tutauzungumza." Kisha saa mbili baadaye, jibu la pili kutoka simu ileile: "Hatukuchimba Voi. Tulichimba Mwatate, na ulikuwa mwekundu."

Dhahabu alizisoma jumbe zile mbili hadi kioo cha simu kikazimika. Mtu mmoja hawezi kukumbuka na kutokukumbuka siku moja. Mipaka ya kaunti ilipofunguliwa, alivaa barakoa, akapanda hadi Taita.

Nyumbani kwa Daktari aliona kwanza tuta la udongo, bado halijaota majani. Kisha akamwona mama mlangoni, na simu mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Dhahabu." Mama hakuuliza, alisema.

"Tangu lini?" Dhahabu alinyoosha kidole kwenye tuta.

"Tangu somo la tisa."

"Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nikiongea na kaburi?"

"Umekuwa ukiongea nami," alisema Bi. Mkamburi. "Na Ngeti. Karibu ndani, ukae mbali kidogo, dirisha liko wazi."

Dhahabu hakuingia mara moja. Alilia kwa hasira, kisha kwa huzuni, kisha tena kwa hasira. Alitaka kuwaandikia wenzake palepale. Lakini mitihani ilikuwa wiki tano mbele, na aliijua sheria ya darasa lisilo na mhadhiri. Alirudi Ganze na siri yake, na hakuipenda hata siku moja.

Chuo kikafunguliwa kwa ajili ya mitihani. Karatasi za somo la udongo zilisahihishwa na watu wa chuo kingine, wasiomjua yeyote. Matokeo yakaja: darasa zima lilifaulu. Hata yule wa kuchimba mawe alifaulu, tena vizuri. Wanafunzi wakapiga kura ya ngao ya Mwalimu Bora, na kura zote zikaenda kwa Daktari Mwashigadi, maana ndiye waliyemjua.

Ndipo Profesa Mbela akamwita Dhahabu. Ofisini palikuwa na fomu ya ngao mezani.

"Kiongozi wa darasa ndiye anayeandika jina na kutia sahihi," alisema. "Andika Daktari Mwashigadi. Kifo chake tutakitangaza siku hiyohiyo. Watu watalia, itapendeza."

Dhahabu akamtazama. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua na nikawalinda. Ningetangaza, mngerudia mwaka."

"Na masomo yale sita ya maandishi? Ulijua yalitoka wapi?"

Profesa aligeuza kalamu vidoleni. "Mimi nilichojua ni kwamba rekodi zilifundisha, na darasa likafaulu kuliko madarasa yote yaliyowahi kukaa humu. Unajua maana yake? Mwakani somo la udongo litakwenda kwa rekodi. Baadaye na masomo mengine. Chuo cha kesho hakihitaji kuta nyingi, wala maabara hii."

"Na Ngeti?"

"Ngeti atapumzika. Amechoka, maskini."

Dhahabu akaichukua fomu bila kuiandika, akashuka maabarani. Alimkuta Ngeti akipangusa rafu. Akampigia Bi. Mkamburi, naye akaja. Hakuna aliyekaa.

"Nina mstari mmoja," Dhahabu alisema, "na jina ni moja. Semeni."

Ngeti alianza, na sauti yake haikuwa ile ya mtu aliyezoea kuitwa. "Masomo sita ni yangu. Majibu yote ya udongo ni yangu, kuanzia lile la kwanza. Daktari alipokuwa hai nilinyamaza, kwa kuwa darasa lilikuwa lake. Alipokufa nikanyamaza, kwa kuwa jina lilikuwa lake. Jina likiandikwa tena kuwa lake, maabara itafungwa, nami nitakwenda nyumbani nikiwa mtu aliyeosha chupa. Niandike mimi."

"Ukiandikwa wewe," Bi. Mkamburi alisema, "watasema darasa lilifundishwa na mtu wa kidato cha nne. Watayafuta matokeo ya watoto wote. Hilo umeliwaza, Ngeti? Au umeliwaza ukaliacha?"

Ngeti akarudia kuipangusa rafu ileile.

"Basi tumwandike marehemu?" Dhahabu aliuliza.

"Mnangoja nimwombee mume wangu," alisema Mama. "Simwombei. Nilimpenda, lakini yeye aliongea na simu akalala. Wangapi kati yenu mlitaka kuacha chuo? Nimewahesabu, kumi na saba. Nani aliwarudisha, mmoja mmoja? Elimu ya Ngeti ingewafikia vipi kama walikuwa wameshaondoka? Daktari hakuwahi kumuuliza mwanafunzi kama amekula. Niandike mimi."

Sasa Ngeti akageuka. "Ukiandikwa wewe, Mama, unakiri kwamba ulijifanya mtu mwingine. Watakupeleka polisi. Tena nashangaa. Siku zote ulisema unafanya kwa ajili ya watoto. Kumbe ulitaka jina?"

"Na wewe ulisema unafanya kwa ajili ya Daktari," Mama alijibu. "Kumbe?"

Wakatazamana. Watu wale wawili walikuwa wamekaa kizingiti kimoja miezi mitano, wakitumia simu moja, na sasa kila mmoja anamtazama mwenzake kama anayempekua mifuko.

Dhahabu akatoa simu yake, akafungua somo la tisa. Sauti ya Daktari ikajaa maabara. Ilieleza jinsi maji yanavyoshuka kwenye udongo wa kichanga, ikakatika, kikohozi kirefu kikafuata. "Ngeti, usizime," ilisema sauti. "Naanza tena." Ikaanza tena, kikohozi kikaikata tena. "Naanza tena." Mara tatu alianza. Mara ya tatu alimaliza somo, pumzi fupi mwishoni mwa kila neno.

"Nilimwambia aende hospitali," Ngeti alisema polepole. "Alisema tumalize hili kwanza."

Bi. Mkamburi aliketi sasa, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa amewahi kulisikia somo la tisa.

Mlango ukafunguliwa, Profesa Mbela akaingia. Alikuwa amesimama nje kwa muda gani, hakuna ajuaye.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Aliyetoa pumzi yake ni nani? Mwandikeni, tumheshimu."

"Unamtaka yeye kwa sababu hawezi kukukatalia," Dhahabu alisema.

"Labda," alisema Profesa. "Lakini je, ni uongo kwamba alistahili?"

Profesa akaitazama saa yake. Ofisi ya usajili ilikuwa inafungwa saa kumi, na fomu isiyo na jina ni sawa na kura zisizopigwa; ngao ingekwenda kwa darasa jingine.

Dhahabu akaiweka fomu juu ya meza ya maabara, akashika kalamu. Akiandika Daktari, anamheshimu mtu aliyefundisha hadi pumzi ikaisha, na anampa Profesa sauti ya kufungia maabara. Akiandika Ngeti, anasema kweli ya masomo, na vyeti vya wenzake vinatiwa shaka. Akiandika Bi. Mkamburi, anamshukuru aliyewazuia kumi na saba wasipotee, na anampeleka mjane kituoni kueleza simu ile. Akiandika jina la mmoja wao, wale wengine hawatamsamehe, na huenda wana haki.

Aliandika. Hilo najua, kwa maana fomu ilifika usajili dakika chache kabla ya saa kumi, ina jina na sahihi. Aliyenihadithia alinitajia jina hilo, lakini yeye ni wa ukoo wa mmoja wao, nami sikumwamini. Nilimuuliza mwingine, akanitajia jina jingine, akiapa.

Kwa hiyo siwaambii. Nawauliza ninyi mliokaa hapa, mnaotazamana kwa pembe ya jicho: aliyesema hadi akakata pumzi, aliyejua bila cheti, au aliyeuliza umekula? Je, nani alilifundisha darasa lile, na kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?