Mstari wa Mpakani

Ndugu zangu, kabla sijafungua somo, nipeni masikio kidogo. Nataka kuwasimulia habari ya mama mmoja na viazi vyake. Jina lake silitaji na kijiji chake sikitaji, maana nawajua. Mtaacha kusikiliza mwanze kugeuza shingo kuangalia nani amekaa wapi. Itoshe kusema aliishi huko juu kwenye baridi, ambako mtu anakula viazi asubuhi, anakula viazi mchana, na jioni akipata mgeni anamkaribisha viazi.

Huyu mama alikuwa anajua kulima, si wa kubahatisha. Bustani yake ilikuwa kando ya njia ya kisimani, na kila apitaye alisimama kidogo kuisifia. Sifa zile alizizoea. Siku sifa zikikosekana, alizifuata mwenyewe: anatoka na jembe akijifanya anapalilia, kumbe anasubiri watu warudi na ndoo zao. Mnacheka? Haya, chekeni, lakini kila mmoja humu ana bustani yake.

Sasa, nyumba ya jirani ikaoa. Akaja binti mgeni kutoka mbali, mpole, ana mtoto mchanga mgongoni na jembe lililolika. Mama mkwe wake akamkatia kipande cha bustani hapo hapo mpakani, lakini mbegu hakumpa. Binti akaenda kupiga hodi kwa yule mama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Karibu."

"Dada, nimepewa kipande hapo jirani nawe, ila sina mbegu. Ukinisaidia, nikivuna nitakurudishia."

Yule mama akampa debe zima. Tusimnyime haki yake, siku ile alitoa kwa moyo mweupe. Alimpa zile nzuri, akabaki na ndogondogo. Akawaza, huyu akivuna atanirudishia debe langu, na hilo debe litawalisha wanangu miezi ile ya baridi kali, ghala likiwa tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yake, na hakuwa na nyingine.

Basi wakapanda. Binti anaweka kiazi, anapima urefu wa mguu wake, anaweka kingine. Kati ya mstari na mstari anaacha njia pana, mtu anapita na ndoo bila kugusa kitu. Yule mama akamtazama, akaguna.

"Mdogo wangu, ardhi yote hiyo unamwachia nani? Naona umepima uwanja wa mpira."

Binti akatabasamu. "Udongo huo nitauhitaji baadaye, dada."

Mama akaona huyo hajui kitu. Yeye akabana. Alipanda karibu karibu, mistari ikasogeleana, ili bustani ijae upesi na watu wa kisimani waone kwamba yeye bado ndiye yeye.

Viazi vikaota. Vya binti vilitoka mashina manene, majani yamekolea. Vilipoinuka kidogo, binti akachukua lile jembe lake lililolika, akavuta udongo wa njiani akaupandishia kwenye mashina hadi yakabaki majani ya juu tu. Baada ya muda akarudia tena. Matuta yakajaa. Vya yule mama vilirefuka, vikawa vyembamba vinagombania jua, vikaanza kulala. Hakuwa na udongo wa kupandishia, kwa sababu hakuacha njia. Na viazi vichanga vikaanza kuchungulia juu ya ardhi. Nyie wakulima mnajua kiazi kikipigwa na jua kinakuwaje. Kinageuka kijani, kinakuwa kichungu, na ukimpa mtoto anaumwa tumbo.

Siku moja watu wa kisimani wakapita, na kwake hawakusimama. Walisimama mbele kidogo, kwenye mstari wa mwisho wa binti, ule wa mpakani, uliokuwa umependeza kuliko yote. Wakamwambia binti, "Wewe mke wetu una mkono." Yule mama yuko hapo na jembe lake, anasikia kila neno. Walimsalimia, ndiyo, lakini walimsalimia wakiwa wanaondoka.

Roho ikamuuma, ndugu zangu. Si mchezo. Aliwaza, mbegu ni yangu, debe ni langu, na anayesifiwa ni yeye. Tangu hapo chakula hakipiti vizuri. Binti akiimba jikoni kwake, huyu anaona ni yeye anayeimbiwa. Mtoto wa binti akicheka, anasikia anachekwa yeye. Asubuhi akitoka nje haangalii kwanza bustani yake, anaangalia ya mwenzake, na akiona jani moja limenyauka pale anapata nafuu.

Binti mwenyewe hakuwa na habari. Akaja hadi mpakani akasema, "Dada, mashina yako yanalala. Nije nikusaidie kuyapunguza, tung'oe moja moja katikati, tupate udongo wa kupandishia?"

"Mimi niliyekupa mbegu, leo unifundishe kupanda?"

"Nisamehe dada, sikumaanisha hivyo."

"Wewe lima kwako."

Na hapa ndipo inaponikera habari hii. Yule mama alijua binti anasema kweli. Siku moja alipokuwa peke yake alichukua jembe, akafika hadi kwenye mstari wa kwanza, akainama. Kisha akawaza, nikipandishia sasa hivi watasema nimeiga kwa mtoto wa juzi. Akarudisha jembe ndani. Aliona afadhali viazi vyake viharibike kuliko viokolewe kwa maneno ya yule. Niwaulize: wangapi kati yetu tumekataa dawa kwa sababu aliyeileta ni mtu tunayemwonea wivu? Msinijibu. Mjibuni Mungu.

Ikafika Jumapili. Kengele ya pili imeshalia, watu wameshateremka kanisani, njia ya kisimani haina mtu. Yule mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, Biblia mkononi. Alipofika mpakani, miguu ikakataa kwenda mbele. Akaiweka Biblia juu ya jiwe. Akapiga magoti kwenye ule mstari uliosifiwa, upande unaotazama kwake, akaanza kufukua kwa mikono. Hakung'oa hata shina moja, maana alijua lililong'olewa litaonekana. Alikwangua tu ule udongo uliopandishwa, mstari mzima, hadi viazi vikabaki wazi kwa jua. Vilikuwa vikubwa, vyeupe, na kuviona hivyo kukamzidishia hasira. Kisha akanawa, akachukua Biblia, akaja ibadani. Alichelewa kidogo. Akaimba nasi.

Wiki zikapita. Kila siku alingoja binti agundue, apige kelele, arudishie udongo. Binti hakuugusa ule mstari. Alipalilia mingine yote, huo akauacha. Mama akafurahi, akasema moyoni, kumbe si hodari kama wanavyodhani.

Ikafika siku ya kuchimba. Yeye alichimba kwake, akapata vidogo kama gololi na vingine vya kijani. Watoto walisimama pembeni na vikapu, na vikapu havikujaa. Basi akakaa mlangoni kumsubiri binti alete lile debe, kwa sababu sasa ndilo lilikuwa limebaki.

Binti akaja jioni, kikapu kichwani, mtoto mgongoni. Hakuingia. Alisimama nje, macho chini.

"Dada, nimekuja na aibu yangu."

"Aibu gani tena?"

"Kwetu nilikozaliwa, mtu akikupa mbegu humrudishii debe. Siku ile ile ya kupanda unamchagulia mstari wake, wenye udongo mzuri kuliko yote. Unautilia samadi, unautunza, na humwambii mpaka siku ya kuchimba, ili afurahi. Wako ulikuwa ule wa mpakani. Niliuweka hapo ili uwe unauona kila ukitoka nje."

Yule mama akageuza macho kuangalia mpakani.

Binti akatua kikapu. Vilikuwa vikubwa, na vyote vya kijani. "Labda vitafaa kupanda, dada, ila kwenye sufuria havifai. Na viazi vya mistari mingine ni vya mama mkwe, ameshavifungia ghalani, mimi siwezi kugusa. Ningekuwa nimeuangalia mwenyewe haya yasingetokea. Lakini ile Jumapili nilirudi kuchukua kanga ya mtoto, nikakuona umepiga magoti pale kwenye mstari. Nikasema, kumbe dada ameshaujua mstari wake, amekuja kuutunza kwa mkono wake. Nilifurahi sana. Nikaondoka polepole nisikushtue, na tangu siku hiyo sikuugusa tena, nikijua mwenyewe yupo. Sasa sijui kilichoufukua ni nini."

Halafu akainua macho, bila hila yoyote, akauliza, "Au ni mvua?"

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba yule mama alianguka magotini akalia. Hakulia. Alikitazama kile kikapu, akawatazama wanawe waliokuwa wanasubiri chakula, akasema, "Ndiyo, mdogo wangu. Mvua ya mwaka huu ilikuwa kali."

Ndivyo tulivyo sisi. Tumepiga magoti hapa kila Jumapili tukiomba Mungu atukumbuke, naye ametukumbuka. Ila riziki yetu ameipanda kwenye bustani ya mwenzetu, ikistawi kwa mkono wa mwenzetu, na sisi tukaiona tukaichukia kwa sababu ilikuwa upande ule wa mpaka. Kazi ya fulani uliyoiharibia kwa neno moja, ulijua alikuwa anataka kukuita mfanye pamoja? Ndoa ya dada yako uliyoitilia fitina, ulijua ni nani angekuuguza siku ukilala kitandani? Hatujui. Wivu hauulizi mstari ni wa nani.

Na wengine wetu tumeshaambiwa, "Au ni mvua?" Tumepewa nafasi ya kusema kweli na mtu asiyetushuku hata kidogo, tukaitumia kuficha. Humu ndani wapo, na mimi sitawatazama.

Lakini leo ibada ikiisha, usinyooshe moja kwa moja nyumbani. Pitia kwa yule unayemjua. Usimpelekee zawadi, usianze na salamu ndefu. Simama mlangoni kwake umwambie, haikuwa mvua.