Pilau ya Bwana Chui

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na meko na vinu kama sisi, Bi Kindi alirudi kwake katika shamba la viungo, akakuta kiota kitupu.

"Mashavu! We Mashavu!"

Chini ya mti, ngrrr! Bwana Chui ameketi, pakacha shingoni, na ndani yake kitu kinafurukuta.

"Mamaaa!"

Bi Kindi akashuka mbio. "Bwana, mwanangu kakukosea nini?"

"Hajanikosea. Nimenusa pilau ya harusi, nami leo naitaka. Nyama ninayo. Viungo sivijui, nimeviona vikiwa vimetwangwa tu. Nionyeshe, au namtafuna mbichi hapa hapa."

"Nitakuchumia, bwana..."

"Thubutu! Unitilie sumu? Nachuma mwenyewe!"

Bi Kindi akaelekeza kidole chini. "Basi tangawizi kwanza. Usitazame juu, imo ardhini."

Chui akafukua, fuku! fuku! Kila tangawizi akamtupia Mashavu humo pakachani. Mtoto akalia, mama akajiuma mdomo.

"Mdalasini?"

"Gome la mti ule."

Kwaruu! Kwaruu! Chui akabandua gome. Bi Kindi akaona zile kucha zimejaa udongo, tena zimekuwa butu.

"Pilipili manga?"

"Punje za ule mmea unaotambaa."

Chui akazipukuta zote. Udenda ukamchuruzika, ukamdondokea Mashavu kichwani. "Kimebaki nini?"

"Karafuu," akasema Bi Kindi. "Hiyo ni ua ambalo halijachanua. Liko juu, nchani kabisa mwa tawi."

Chui akapanda mkarafuu, Bi Kindi nyuma yake.

"Bwana, ukiinama na hilo pakacha, viungo vyako vyote vitamwagika. Si ulitundike hapo kwenye panda la mti?"

Chui akageuka. Pua kwa pua. "Unanichezea wewe?"

Bi Kindi hakuthubutu hata kupepesa. "Pilau ni yako, bwana."

Chui akanguruma, akalitundika. "Nakuona! Ukisogea, naanza na wewe."

Akanyata kuelekea nchani. Hatua moja. Mbili. Akanyoosha mkono kwenye kishada cha karafuu...

Kaaa! Tawi likakatika. Chui akataka kushika shina, kucha hazikushika. Puu! Kiuno kikavunjika.

Bi Kindi akachomoka, akamnyakua mwanawe, pururu! mpaka mti wa tatu.

"We mwanamke!" Chui akalia kule chini. "Mbona hukuniambia mkarafuu una matawi mepesi kukatika?"

"Uliniuliza viungo, bwana. Matawi hukuuliza!"

Lakini msidhani alicheka. Alimkumbatia Mashavu, aliyenuka tangawizi mwili mzima, na wote wawili wakatetemeka mpaka jua likazama.

Basi shikeni hili, wadogo zangu: ukimtisha anayejua, atakufundisha nusu tu.