Bi Kanga Aliyefagia Nusu ya Shamba

Paukwa!

Pakawa!

Ah, huko ndiko kuitikia? Hata mgonjwa angeitikia zaidi. Paukwa!

Pakawaaa!

Sasa sawa. Na wewe hapo unayechimbachimba vumbi kwa kidole, endelea tu. Hadithi ya leo inakuhusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima wenyewe, palikuwa na kijiji kwenye mteremko. Kijiji kikiitwa Vumbini. Juu ya mteremko, mashamba. Chini ya mteremko, Bonde la Miiba. Na juu ya Bonde la Miiba, angani, Mwewe. Anazunguka. Anazunguka tu, kutwa nzima.

Vumbini walikuwa na desturi yao. Ukivuna, choma mabua. Ukichoma, fagia shamba. Fagia mpaka pasibaki jani, mpaka unga ungeweza kuanikwa pale bila mkeka. Masika ikikaribia, Jumbe Ngiri, mkuu wa kijiji, anapita njiani kukagua. Mkia juu, wima! Akiona shamba limefagiwa, anasema, "Safi!" Akiona majani, anasema, "Aibu!" Na aliyeambiwa aibu hana pa kuuweka uso wake mwaka mzima.

Katika wafagiaji wote, hakuna aliyemfikia Bi Kanga. Mama yule hakujua kutulia. Miguu ilikuwa inamwasha. Akisimama, inachakura. Akisalimiwa, inachakura. Chaku-chaku-chaku! Nyuma yake vifaranga saba, nao chaku-chaku-chaku! Na anaimba:

Nikae wapi, nikae wapi,
miguu inawasha, nikae wapi?

Imbeni nami. Nikae wapi, nikae wapi, miguu inawasha, nikae wapi? Ehee.

Basi kila mwaka Bi Kanga aliambiwa, "Safi!" Lakini kila mwaka mavuno yakapungua. Mvua ikija, shwaaa, maji yanashuka mteremko mekundu kama chai ya rangi, yanakwenda na udongo. Mahindi yakatoka membamba. Mwaka mmoja ghala halikujaa. Wa pili halikujaa.

Na Vumbini kulikuwa na sheria. Ndani ya kila ghala palichorwa mstari wa mkaa. Asiyefikisha mstari miaka mitatu mfululizo ananyang'anywa shamba na kushuka Bonde la Miiba. Dada yake Bi Kanga alishuka na vifaranga wanane. Mwezi ulipokwisha, alionekana anatembea peke yake. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa ulikuwa unakuja mwaka wa tatu. Bi Kanga akawahesabu wanawe asubuhi, akawahesabu mchana, akawahesabu tena kabla ya kumaliza kula. Saba. Saba. Saba. Akatazama juu, akamwona Mwewe. Hofu ikamjaa. Na hofu ikimjaa Bi Kanga, hufanya nini? Hufagia. Chaku-chaku-chaku!

Pu! Ardhi ikapasuka mbele yake. Kikatokeza kichwa cha Fuko, jirani yake wa chini, aliyeishi humo ardhini na hajui jua lina rangi gani, maana haoni.

"Wewe Kanga! Utaacha lini kunivua paa?"

"Paa gani?"

"Hilo unalochakura! Wewe unaliita shamba, mimi naliita dari. Zamani dari langu lilikuwa laini, lina ubaridi. Nyungunyungu walijaa mpaka naomba njia kwenye nyumba yangu mwenyewe. Sasa jua linanichoma kitandani. Dari limekuwa kigae. Mvua ikinyesha haiingii, inateleza juu na kukimbia, na wewe umesimama hapo na ufagio wako!"

Bi Kanga akaacha kuchakura. Mguu mmoja tu uliendelea kidogo.

"Ndiyo maana sivuni?"

"Ulidhani umerogwa?"

"Nilidhani jirani yangu Bi Kwale ananionea kijicho."

Fuko akacheka mpaka akapaliwa na mchanga. Akaingia chini, akarudi na mfuko wa mbegu. "Hizi ni fiwi, jamii ya maharage. Panda leo, manyunyu haya ya mwisho yasikupite. Zitatambaa, zitafunika shamba lote. Majani yatalipa kivuli. Mizizi itaufungua udongo na kuulisha. Usichome. Usifagie. Masika ikifika, zikate, zilaze hapohapo, upande mahindi katikati yake."

"Vyema. Na mimi hapa katikati nifanye nini?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Kaa."

Jamani! Kumwambia Bi Kanga akae!

Akapanda. Fiwi zikaota. Zikatambaa, zikapandana, zikalifunika shamba lote kijani. Bi Kanga hakulala vizuri hata siku moja. Siku ya tatu tangu lifunikwe, akafunua majani, akachungulia. "Fuko, udongo umepona?"

"Bado. Kaa."

Siku ya tano akafunua tena. "Umepona?"

"Kanga, uji haupoi kwa kufunuafunua sufuria? Unapoa! Lakini udongo si uji. Kaa!"

Akaenda mpaka mwisho wa shamba, akarudi. Akaenda, akarudi. Vifaranga wakachoka, wakalala njiani, yeye akawaruka. Nikae wapi, nikae wapi, miguu inawasha, nikae wapi?

Na watu wa kijiji wana macho. Akaja Bi Kwale, jirani mwenye shamba jeupe linalong'aa. Akasimama njiani, akashika kiuno.

"Shoga, hodi. Una mgonjwa ndani?"

"Sina mgonjwa."

"Umefiwa?"

"Sijafiwa, shoga."

"Basi mbona shamba liko hivi? Nimekuja na pole yangu mkononi, niirudishe?"

Bi Kanga akataka kumweleza habari za Fuko. Akageuka kuwahesabu vifaranga. Aliona haya, haya kwelikweli. Bi Kwale akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mimi sisemi kitu. Ila Jumbe anapita kesho."

Kesho! Bi Kanga akaanza kuzunguka. Nikate? Nisikate? Niache? Nisiache? Katikati ya shamba palikuwa na kisiki kikubwa cha mkorosho. Aliyesimama njiani aliona mpaka kwenye kisiki. Nyuma ya kisiki ardhi ilishuka kidogo, haionekani. Bi Kanga akakitazama kile kisiki. Mnajua alichofikiri. Mngekuwa nyinyi mngefikiri hivyohivyo, msinitazame.

Akang'oa fiwi zote za upande wa njiani. Akachoma. Akafagia, chaku-chaku-chaku, mpaka pakang'aa. Upande wa nyuma ya kisiki akauacha.

Kesho yake Jumbe Ngiri akapita. Mkia juu, wima! Akatazama mpaka kwenye kisiki. "Safi!" akasema, akaenda zake. Bi Kanga akafurahi. Furaha ile haikufika hata mchana.

Pu! Fuko huyo. "Leo nyumbani kwangu chumba kimoja kina joto, cha pili kina ubaridi. Nani kanivua nusu ya paa?"

Miguu ya Bi Kanga ikachakura, chaku-chaku.

"Kanga?"

"Jumbe alikuwa anapita," akasema Bi Kanga.

Fuko hakucheka safari hii. "Mimi sioni, jirani. Shamba safi na shamba chafu kwangu ni mamoja. Najua tu palipo na ubaridi." Akarudi chini.

Masika ikaingia. Shwaaa! Upande wa njiani, maji yakateleza, yakashuka mekundu, yakaenda na udongo Bonde la Miiba. Upande wa nyuma ya kisiki, maji yakafika, yakazama, hayakuonekana tena. Bi Kanga akalaza fiwi zilizobaki, akapanda mahindi shamba zima. Upande wa njiani jembe liligonga, ngo! Nyuma ya kisiki liliingia, pwi.

Kisha mvua ikakatika. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vumbini yote mahindi yakajikunja. Bi Kanga akabeba maji kwa kibuyu, akakimbia kutoka kisimani mpaka upande wa njiani, akamwaga, yakapotea, akakimbia tena. Upande wa kisiki hakupeleka hata tone. Kila alipochungulia, mahindi yalikuwa yamesimama, na chini ya yale majani makavu ya fiwi palikuwa na unyevu.

Siku ya mavuno ikafika. Upande wa njiani akapata kikapu kimoja, hakikujaa. Nyuma ya kisiki akabeba mpaka shingo ikamuuma. Akamimina ghalani. Akamimina. Akamimina. Akapanda, akachungulia mstari wa mkaa.

Shubiri moja. Ilipungua shubiri moja tu.

Jumbe Ngiri akaja kupima, kijiji kizima nyuma yake, na Bi Kwale mbele yao wote. Akachungulia. Mkia ukashuka. "Bi Kanga, imepungua shubiri. Mwaka wa tatu huu. Nasikitika, lakini sheria ni sheria."

Vifaranga saba wakajibana chini ya mbawa za mama yao. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, miguu ya Bi Kanga ikatulia. Tuli!

"Jumbe," akasema, "hiyo shubiri niliifagia mimi. Niliifagia siku ile uliyopita, ili unipe 'Safi' yako."

"Unasema nini?"

"Njoo nyuma ya kisiki. Njooni wote. Nilikuwa naona haya kuwaonyesha. Sasa haya imekwisha."

Wakaenda. Wakaona mabua manene. Wakaona majani makavu ya fiwi yametandazwa chini. "Uchafu huu!" Bi Kwale akanong'ona. Jumbe Ngiri akapiga magoti ya mbele, kama afanyavyo ngiri anapochimba, akatia pua. Alizoea kusukuma kwa nguvu. Akasukuma. Pwi! Pua ikaingia, meno yakaingia, uso ukaingia mpaka machoni.

Akakaa hivyohivyo, kichwa ardhini. Wakasubiri. Akainuka na mboji puani na nyungunyungu mmoja ananing'inia kwenye jino. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaenda upande wa njiani, palipofagiwa, akapiga magoti tena. Ngo! Akashika pua yake.

"Ghala langu mwaka huu halikufika hata nusu," akasema taratibu. "Sikuwa nimemwambia mtu."

"Langu pia," akasema mmoja nyuma.

"Langu robo," akasema Bi Kwale, na akaanza kulia.

Jumbe Ngiri akawatazama wote, kisha akatazama chini bondeni na juu kwa Mwewe. "Bi Kanga atabaki. Shubiri ile ni deni langu, nitaijaza mimi. Na dada yake apandishwe leo hii. Fuko! Mbegu zipo?"

Pu! "Zipo. Lakini wa kwanza kupanda ni wewe, Jumbe. Upande wa njiani, wote waone."

Akapanda, mkia chini. Mwaka uliofuata alipopita kukagua, akiona ardhi tupu alisimama na kuuliza, "Una mgonjwa ndani?"

Na miguu ya Bi Kanga? Iliendelea kumwasha, miguu haina dawa. Fuko akampimia kando ya kisiki kipande cha vumbi ukubwa wa ungo. "Chakura hapa, na hapa tu." Ndiyo maana mpaka leo ukimkuta kanga amejichimbia kishimo kidogo anajirushia vumbi, usimsumbue. Yuko kwenye kipande chake. Palipobaki pote anapaacha.

Nanyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa watoto: udongo ukiachwa uchi, jua huukausha na mvua huuchukua. Ufunikeni, na muuache upumzike. Na msilime kwa ajili ya wanaopita njiani, maana wao hupita, na watoto wenye njaa hubaki nyumbani.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kisiki. Anayetaka kuchakura, ungo ule pale.