Ng'ombe Aliyekwenda Kubadilisha Majani

Hamadi Faki Shaame, wa kitongoji cha Kijichweni katika kisiwa kimoja kidogo, alikuwa na ng'ombe saba. Sita walikuwa ng'ombe wa kawaida. Wa saba alikuwa dume, jina lake Radi, na kisiwa kizima kilikuwa kikimngojea uwanjani katika mchezo wa ng'ombe, ambamo madume huchezwa kwa ngoma na nyimbo, uliobakiza wiki tatu.

Jumapili moja, tarehe mosi, jike mmoja wa Hamadi aitwaye Kidawa aliamka akidondokwa na udenda na kuchechemea mguu wa mbele. Hamadi aliujua ugonjwa wa miguu na midomo. Aliijua na sheria: zizi lenye mgonjwa hufungwa siku arubaini, asitoke hata mnyama mmoja. Sheria haikumtaja Radi, lakini haikumwacha.

Kazi ya kuufuatilia ugonjwa ilikuwa ya bwana mifugo, Khatibu Makame Ussi. Alikuwa na ramani ya kisiwa iliyobandikwa juu ya ubao, na kopo la pini nyekundu. Kila palipokuwa na mgonjwa alichoma pini na kuandika tarehe, ili aone maradhi yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Alikuwa mtu wa utaratibu. Jumatatu alikwenda Kijichweni, Jumanne Mkandaani, Jumatano Mitondooni, Alhamisi Mwambajiwe, na kwa miaka kumi na mmoja hakubadili. Kwa hiyo kila mfugaji aliijua siku yake.

Jioni ya Jumapili ile, Hamadi alimpeleka Kidawa Mkandaani kwa shemeji yake, Omari Bakari Kombo, akamwambia kwamba ng'ombe amekuja kubadilisha majani. Desturi hiyo ilikuwapo kisiwani: ng'ombe hupelekwa kwa jamaa kama mgeni, na mgeni hahesabiwi pamoja na watu wa nyumba. Omari aliutazama ule udenda, akaelewa, akamkaribisha kwa adabu. Jumatatu, kabla jua halijachwa, alimfikisha Mitondooni kwa rafiki yake, Vuai Ngwali Mcha, kwa maneno yale yale. Jumanne Vuai alimfikisha Mwambajiwe kwa shangazi yake, Bi Mize Haji Kheri, mjane. Hakuna aliyeuliza mbona mgeni anachechemea, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haraka ya kumsindikiza.

Bi Mize alikaa mwisho wa kisiwa. Mbele ya nyumba yake ilikuwa bahari, na hakuwa na pa kumsindikizia mgeni. Alimwosha mdomo kwa maji ya chumvi, akamkatia majani laini, akamwacha achunge na ng'ombe wa majirani. Alhamisi bwana mifugo alimwuliza kama ana ng'ombe wake. Alijibu kwamba hana, wala hakusema uongo. Khatibu alimshukuru, akaandika sifuri ya nne ya wiki ile, maana hakuona mgonjwa popote, akarudi nyumbani ameridhika na afya ya kisiwa.

Tarehe tisa udenda ulionekana Mkandaani. Tarehe kumi, Mitondooni. Tarehe kumi na moja, Mwambajiwe. Safari hii wagonjwa walikuwa wengi mno kuitwa wageni, na ndama wachanga walianza kufa. Khatibu alichoma pini zake, kisha akarudi nyuma kidogo atazame. Maradhi yalikuwa yamefuata njia ya Khatibu mwenyewe, kitongoji baada ya kitongoji, kwa mpangilio wa ziara zake. Kijichweni peke yake hapakuwa na pini.

Watu nao waliiona ramani ile. Mkutano uliitwa katika banda la skuli, na aliyesema kwa ukali kuliko wote alikuwa Hamadi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemfuta Radi udenda mdomoni mara tatu.

"Bwana Khatibu," alisema, "ugonjwa huu umevaa viatu vyako."

Banda zima lilicheka. Ikaamuliwa kwamba aondoke kisiwani, yeye na ramani yake, na hapana aliyekumbuka kwamba dawa za vidonda zilikuwa mkobani mwake. Khatibu alivitazama viatu vyake. Alikuwa mtu mwaminifu, na ramani aliichora kwa mkono wake, hakuweza kuikana. Alivivua, akavipeleka nje ya mlango, akarudi pekupeku.

Ndipo Bi Mize akasimama.

"Wanangu, kabla hamjamfukuza, ninaye ng'ombe mgonjwa kwangu ambaye si wangu. Nimeletewa salamu zake, sikuletewa jina la mwenyewe. Ni wa nani?"

Bi Mize alikuwa akimtazama Vuai. Vuai, bila kutaka, akamtazama Omari. Omari akamtazama Hamadi. Hamadi hakuwa na wa kumtazama, akatazama paa.

Bwana mifugo hakuhitaji kuuliza. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameufuatilia ugonjwa kwa miguu, na siku hiyo aliufuatilia kwa macho ya watu, ukamfikisha mapema zaidi. Alitembea pekupeku hadi kwenye ubao, akachoma pini Kijichweni, akahesabu siku moja nyuma ya ziara yake ya huko, akaandika: Hamadi Faki Shaame, tarehe mosi.

Zizi moja lingefungwa siku arubaini. Sasa yalifungwa yote, na mchezo wa ng'ombe haukuchezwa mwaka ule. Wapiga ngoma hawakukubali kukaa bure. Siku ya mchezo walikwenda kusimama nje ya ua wa Hamadi, wakamwimbia Radi nyimbo zake zote, na Radi akawasikiliza akiwa amelala chini, udenda ukimdondoka. Kisha wakamwimbia na Hamadi nyimbo mpya, ambazo hazikuwa za sifa. Hamadi alizisikia zote, kwa maana alikuwa ndani akimkandia Radi kwato.

Nawe msomaji uliyecheka, ng'ombe wako analala kwa nani leo?